Petroli ina spiriti? Naomba njia ya kupima nyumbani (mashine ilituzimikia nje ya Yambe)

MtotoWaSahare

Habari za jioni wakuu. Nipo Tanga, Sahare. Naomba mwenye kujua kemia anisaidie, maana jambo hili limetunyima usingizi nyumbani tangu Ijumaa.

Kaka yangu ana boti ya faiba yenye mashine ya farasi 15. Alhamisi jioni walinunua petroli madumu mawili ya lita 20, muuzaji mmoja, saa ileile. Usiku wakaingia baharini watu wanne. Alfajiri wakiwa nje ya kisiwa cha Yambe mafuta ya kwenye tangi yakaisha, wakahamishia mpira kwenye dumu la kwanza. Hazikupita dakika tano, mashine ikaanza kukohoa, ikazima. Walivuta kamba mpaka viganja vikachubuka. Kusi lilikuwa limeshika na chombo kinasukumwa kuelekea mwambani. Mungu si Athumani, wakaonwa na wenzao waliokuwa wanarudi mwalo wa Deep Sea, wakavutwa hadi pwani.

Nilifungua bakuli la kabureta mwenyewe. Nikamimina kidogo yale mafuta ya dumu kwenye chupa ya kioo, chupa ikagawanyika matabaka mawili. Ndani ya dumu lenyewe tabaka la chini lina kimo cha kama kidole kimoja kilicholazwa. Mwanzo nikasema maji hayo, yamekwisha. Lakini nilipodondoshea mkononi, yalipoa kama barafu na kukauka upesi, na yananuka spiriti ya hospitali iliyochanganyika na petroli. Tena yana uzambarau hafifu sana, kama maji uliyosuuzia kalamu ya wino.

Mtaani watu wanasema siku hizi petroli inachanganywa na spiriti. Nina jina la muuzaji na nilitaka kuliweka hapa watu wajihadhari. Kabla ya hapo nataka uhakika. Ipo njia ya kupima bila maabara kubwa?

Msimamizi

Ndugu, poleni sana na tunashukuru wamerudi salama. Jina la muuzaji usiliweke kwanza. Pima, lete majibu, halafu tuzungumze.

Fundi_Kabureta

Pole kaka. Nimefungua kabureta nyingi za boda na za boti hapa Ngamiani na hicho unachokieleza nimekiona. Bakuli unalikuta lina unga mweupe umeganda pembeni, jeti (kitundu cha kupitishia mafuta) imeziba, na mpira wa sindano ya floti umevimba haukai tena sehemu yake. Mpira wa mafuta wa zamani ndio unaumia zaidi, unakuwa laini kama ndizi mbivu.

Kupima mbona rahisi. Tia maji kwenye chupa, tia petroli juu yake, tikisa, acha itulie. Maji yakiongezeka ujue kuna spiriti. Sisi tunafanya hivyo gereji.

MwalimuWaKemia

Fundi amesema kweli, nami naomba niongezee vipimo, kwa sababu bila vipimo mtu anaweza kumtia mwenzake hatiani kwa macho tu.

Msingi wake ni huu. Petroli na maji havipatani. Spiriti, yaani ethanoli, inapatana na vyote viwili: ncha moja ya molekuli yake inapenda maji, mkia wake unapenda mafuta. Ikiwa ndani ya petroli peke yake inakaa vizuri tu, huioni. Ukileta maji, inahama petroli na kwenda kwenye maji, maana huko inapapenda zaidi. Kwa hiyo tabaka la maji linanenepa na la petroli linapungua. Unene ule ulioongezeka ndio jibu lako.

Tafuta silinda ya kupimia ya mililita 100. Shule yoyote ya sekondari yenye maabara inayo, kaombe kwa adabu. Weka maji mililita 10 kamili. Juu yake jaza petroli mpaka alama ya 100, maana yake petroli ni 90. Ziba, pindua juu chini taratibu kama mara ishirini, kila baada ya muda fungua kidogo mvuke utoke. Usitikise kama unayesukasuka maziwa, utapata ukungu mweupe katikati na utakaa saa nzima unasubiri. Ukishaupata, chumvi kidogo ya mezani husaidia maji na mafuta kuachana. Acha kivulini dakika kumi mpaka kumi na tano, halafu soma mstari ukiwa umeinama macho yako yawe sawa nao.

Mstari ukibaki 10, hakuna spiriti ya kuonekana. Ukipanda hadi 19, mililita 9 zimetoka kwenye petroli 90, hiyo ni asilimia 10. Ukifika 14 na nusu, ni asilimia 5. Mara nyingi utasoma pungufu kidogo ya ukweli, kwa sababu maji na ethanoli zikichanganyika hujibana: ukichanganya 50 na 50 hupati 100, unapata kama 96 au 97 hivi.

Kama huna silinda, tumia chupa ya kioo nyembamba iliyonyooka isiyo na shingo ndefu, bandika utepe wa karatasi ubavuni, pimia maji kwa bomba la sindano la mililita 10 na uchore alama kila unapoongeza. Bomba hilo litumie kwa maji peke yake. Ukivutia petroli, mpira wake unavimba na kukwama, na vipimo vyako vinaharibika.

Sasa jambo ambalo watu wengi hawalifanyi. Pima sampuli tatu siyo moja. Ya kwanza ni hiyo unayoishuku. Ya pili ni petroli unayoiamini. Ya tatu itengeneze mwenyewe: petroli nzuri mililita 95 na spiriti mililita 5. Hiyo ya tatu itakuonyesha silinda yako na mikono yako vinasoma nini pale ambapo jibu unalijua. Bila hizo mbili za kulinganishia, unachosoma hakina pa kusimamia.

Na tafadhali: fanyeni nje, upande upepo unaotoka, mbali na jiko la mkaa, sigara na swichi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini kama moshi wa udi na unaweza kukuta moto mita kadhaa kutoka ulipo.

BintiChumbageni

Mwalimu shikamoo. Mimi nimesoma kidato cha nne tuliambiwa pamanganeti ikikutana na alkoholi zambarau yake inapotea na kuwa kahawia. Nyumbani tunayo ya kuoshea mboga. Si atie tu kwenye petroli aone?

MwalimuWaKemia

Marahaba binti yangu, na swali lako ni zuri sana. Ni kweli ethanoli inaigeuza pamanganeti kuwa kahawia. Shida ni kwamba petroli yenyewe ina alkeni, yaani aina mojawapo ya kemikali za mafuta, na alkeni nazo zinafanya hivyohivyo. Ukiitia ndani ya petroli safi kabisa isiyo na tone la spiriti, rangi itabadilika, na utakuwa umemshtaki mtu bure. Ukitaka kuitumia, kwanza toa spiriti kwa maji kama nilivyoeleza, nyonya tabaka la chini peke yake, na ufanye na maji yaliyotikiswa na petroli safi pembeni uone tofauti. Hata hapo siipendi kama ushahidi. Inakubali vitu vingi mno.

Kuna pia daikromati yenye asidi ya salfuriki, ya rangi ya chungwa inayogeuka kijani. Ndiyo kemia iliyokuwa ndani ya kile kifaa cha kupulizia cha kupima ulevi wa madereva alichobuni Robert Borkenstein kule Marekani mwaka 1954. Inafanya kazi. Lakini daikromati husababisha saratani na asidi ile inakula nyama. Iacheni maabara, msiilete uani kwenye watoto.

Mpwani73

Ninavyojua mimi hapa kwetu shida kubwa ni mafuta ya taa. Hiyo ya maji inakamata mafuta ya taa?

MwalimuWaKemia

Hapana mzee wangu. Mafuta ya taa hayaingii kwenye maji, mstari hautasogea hata yakiwa nusu kwa nusu. Kwa hilo dondosha tone kwenye karatasi nyeupe, liache hewani: petroli inapaa yote, mafuta ya taa yanaacha doa la uowevu. Ni kipimo cha juujuu tu. EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, walianza kutia vinasaba (alama za siri za kuyatambua) kwenye mafuta mwaka 2010 kwa ajili ya mambo hayohayo ya uchakachuaji, na mwaka 2011 ushuru wa mafuta ya taa ukapandishwa ili yasiwe na faida kuyachanganya. Ila huo ni mjadala mwingine, tusimtoe kijana kwenye njia.

DerevaWaMasafa

Naomba niseme kidogo. Nimeishi Malawi miaka sita. Kule petroli inachanganywa na ethanoli kihalali tangu 1982, wanaitengeneza kwa molasi ya miwa kiwandani Dwangwa. Brazili nao walianza mpango wao mwaka 1975 na sasa wanazidi robo ya ujazo. Gari langu lilikula mafuta hayo miaka yote bila shida. Kwa hiyo spiriti kwenye petroli siyo sumu, msiwatishe watu.

Fundi_Kabureta

Kaka hatubishani, ila gari lako lina sensa na kompyuta ya kuongeza mafuta lenyewe. Mashine ya boti ya kabureta jeti yake ina tundu moja, haijui umeitilia nini. Na baharini kuna maji kila upande.

MwalimuWaKemia

Nyote mna haki. Petroli inahitaji hewa kilo 14.7 kwa kila kilo moja ya mafuta. Ethanoli inahitaji 9 tu. Kabureta iliyopangiwa petroli ikipewa mchanganyiko, moto unakuwa na hewa nyingi kuliko mafuta. Kwa asilimia 10 injini nyingi zinavumilia, unapoteza kama asilimia 3 ya mwendo kwa lita, kwa kuwa ethanoli ina nguvu kama theluthi mbili tu ya petroli kwa ujazo uleule. Kwa upande mwingine inapandisha okteni, yaani uwezo wa mafuta kutolipuka kabla ya wakati. Si adui.

Adui ni maji yakikutana nayo. Hapa nakuomba MtotoWaSahare usome polepole. Petroli yenye asilimia 10 ya ethanoli, kwenye nyuzi 15 hivi, hubeba maji kama nusu asilimia ikiwa bado ni angavu. Kwenye dumu la lita 20 hiyo ni mililita 100, hata kikombe cha chai hakijai. Yakizidi hapo kidogo, au usiku ukipoa, mchanganyiko unashindwa wote kwa pamoja: maji yanaivuta spiriti na vinashuka chini kama tabaka moja. Petroli isiyo na spiriti ingeacha maji machache tu chini, matone. Lakini hii inakuachia bakuli zima la spiriti na maji, na mpira wa mashine unanyonya chini hukohuko.

Kidole kimoja kwenye sakafu ya dumu la lita 20 ni karibu lita moja. Maji matupu lita moja mtu angeyaona wakati wa kununua. Kinachonishughulisha zaidi ni ule uzambarau. Petroli inaupata wapi?

MtotoWaSahare

Mwalimu nimekusoma mara tatu. Kesho naenda kuomba silinda shule ya jirani. Dumu la pili bado halijafunguliwa, lakiri ya plastiki ipo.

MwalimuWaKemia

Basi Mungu amekupa cha kulinganishia bila kukitafuta. Dumu la pili ndilo litakalozungumza.

Kama unaweza pata mrututu kwenye duka la pembejeo, ule wa wakulima wa kupulizia ukungu. Kausha chembe chache kwenye kopo kuukuu, siyo sufuria ya kulia, mpaka bluu ipotee na ziwe nyeupe kama unga. Zikipoa kabisa, tia kwenye petroli ya dumu la pili. Zikirudi bluu kuna maji. Mrututu unakamata maji, haukamati spiriti, usichanganye majibu hayo mawili. Na ni sumu, nawa mikono.

MtotoWaSahare

Wakuu nimerudi. Nimefanya leo saa kumi alasiri, uani, upepo unatoka baharini, jiko limezimwa tangu mchana na watoto wamepelekwa kwa shangazi yao.

Dumu la pili: maji 10, petroli mpaka 100, nimepindua mara ishirini. Nikasubiri robo saa. Mstari 10. Nimerudia, 10 tena. Mrututu umebaki mweupe.

Mchanganyiko niliotengeneza, 95 na 5: mstari 14 na chembe.

Dumu la kwanza, petroli ya juu, siyo tabaka la chini: mstari 12. Nikarudia, 12. Na maji yale yaliyokuwa meupe yamechukua uzambarau. Nilikaa naitazama ile silinda kwenye mwanga, mikono inatetemeka. Muuzaji mmoja, saa moja, dumu moja safi na jingine lina spiriti. Sielewi.

Mpwani73

Labda alibadilisha pampu katikati.

BintiChumbageni

Au dumu lenyewe liliwahi kuwekewa spiriti?

MwalimuWaKemia

Umefanya kazi safi sana kijana, nakupongeza kwa moyo wote. Kwanza hesabu. 12 maana yake mililita 2 kwenye 90, zaidi kidogo ya asilimia 2 imebaki juu. Nyingine imeshuka na lile tabaka. Mabaki ya spiriti kwenye dumu lililomwagwa hayafiki kiasi hicho, binti Chumbageni. Hapa tunazungumzia karibu lita nzima.

Tuhakikishe ni ethanoli. Mpelekee mwalimu wa shule uliyoazima silinda mililita 2 za tabaka la chini, afanye kipimo cha iodofomu: matone ya iodini mpaka rangi ya chai, kisha kostiki soda tone kwa tone mpaka rangi ipotee, halafu mrija uwekwe kwenye maji ya moto ya chupa ya chai, bila mwali. Ikitokea tope la manjano hafifu lenye harufu ya dawa ya vidonda, hiyo ni dalili ya ethanoli. Methanoli haitoi tope hilo, ingawa asetoni hutoa. Angalizo moja: mwalimu atumie iodini ya kupimia wanga iliyoyeyushwa kwa iodidi ya potasiamu. Ile tincha ya duka la dawa imeyeyushwa ndani ya alkoholi. Utaitumia kutafuta alkoholi na utaikuta, kumbe umeitia mwenyewe.

Halafu, bwana mdogo, kaa na watu wote wanne waliokuwa chomboni. Waulize taratibu dumu la kwanza lilipitia mkono wa nani kati ya Alhamisi jioni na alfajiri. Spiriti ya kuwashia mara nyingi hutiwa rangi ya zambarau ili watu wasiinywe.

Fundi_Kabureta

Mwalimu umenistua. Kuna watu huku wanatia spiriti kwenye tangi wakiona maji. Wanasema inakula maji.

MwalimuWaKemia

Na haiwadanganyi wote. Kwa matone machache kwenye tangi la gari lililofungwa vizuri, spiriti inayachukua maji yakapita injini bila madhara. Kwenye dumu la boti usiku, likifunguliwa kwenye rasharasha, inafanya kinyume.

MtotoWaSahare

Wakuu, nimechelewa kurudi, tulikuwa na kikao cha nyumbani.

Iodofomu imetoa tope la manjano. Mwalimu wa shule alininusisha mrija, harufu ya kidonda kilichofungwa bandeji. Ni ethanoli.

Jana baada ya isha nikakaa na kaka na wenzake barazani. Nikawaonyesha silinda mbili pamoja, moja 10 na moja 12 yenye uzambarau. Kijana mdogo kuliko wote, ana miaka kumi na tisa, akainama. Akasema Alhamisi jioni alipofungua dumu la kwanza kuongeza oili aliona vitone vya maji vinacheza chini. Alimkumbuka mtu aliyemwambia spiriti inaondoa maji. Akaenda dukani akanunua chupa mbili za nusu lita, akatia zote, akafunga, hakumwambia mtu maana alidhani amesaidia. Dumu la pili hakuligusa kwa sababu spiriti iliisha.

Kaka hakumgombeza. Alimshika bega tu, akaniambia nimsomee yote mwalimu aliyoandika. Nikasoma kutoka kwenye simu mpaka mwisho, na kijana akaomba nirudie pale pa mililita 100.

Lile jina la muuzaji nililokuwa nimeliandika pembeni nimelifuta.

Fundi_Kabureta

Alhamdulillahi. Leta kabureta kesho asubuhi nikuoshee, sichukui hela. Na mpira wa mafuta mkubadilishe, ule umeshalainika.

Mpwani73

Na yale mafuta ya dumu la kwanza mtayamwaga? Lita karibu ishirini ni fedha nyingi.

MwalimuWaKemia

Yasimwagwe mchangani wala baharini. Acheni litulie siku nzima, nyonyeni tabaka la chini lote kwa mpira mweka kando kwenye chombo cha chuma chenye kifuniko, mkiandike. Petroli ya juu ioshwe kwa maji safi mara mbili, kila mara itulie na maji yatolewe, mpaka silinda isome 10. Hiyo fundi anaweza kuoshea vipuri. Baharini isiingie tena. Imebeba unyevu, na usiku wa kusi si wa kujaribia.

MtotoWaSahare

Tumefanya hivyo. Kuosha mara ya kwanza ilisoma 10 na nusu, mara ya pili 10 kamili. Fundi amechukua.

Dumu la pili limeingia kwenye tangi leo magharibi. Silinda nimeirudisha shuleni, na kijana ameniomba nimtafutie chupa ya kioo iliyonyooka. Ameshaibandika utepe ubavuni na kuchora alama kwa wino, mililita kumi kumi, ipo kwenye kisanduku cha vifaa pamoja na plagi za akiba.

Ni saa tatu usiku sasa. Nimewasikia wakiwasha mashine. Imeshika kamba ya pili.